Landrova ya Mjomba na Kigari Changu Chekundu

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, nilipofika ukweni nikivutwa na ng'ombe. Cheka tu, nimeshazoea. Lakini siku hiyo nilikuwa napeleka posa, na msichana mwenyewe nilimpenda kweli.

Miaka hiyo biashara za nje zilikuwa zimefunguliwa, na magari yaliyotumika yalikuwa yakishuka Dar kutoka Japani kila kukicha. Mimi nilinunua sangara Nansio na kuwauza mjini, nikajibana, nikapata kigari changu chekundu. Kidogo, lakini jamani! Unagusa ufunguo, kinaitika. Mafuta kinanusa tu. Ndani redio ya kaseti, viti laini, na mvua ikinyesha hulowi.

Mjomba wangu, Mzee Lubango, alikuwa na landrova yake tangu sijaanza shule. Asubuhi lazima isukumwe ndipo iwake, mafuta ilikunywa bila aibu, na paa lilivuja upande wa abiria. Sikufichi, kwa safari za mjini kigari changu kiliishinda kwa kila kitu.

Basi nikataka kumposa Mbuke, binti wa Mzee Masanja, kijijini huko nyuma ya Buswelu, na mjomba ndiye awe mshenga wangu. Siku mbili kabla ya safari, Mbuke alinitumia salamu kwa mama mmoja aliyeleta mboga sokoni Mirongo: mvua imeharibu njia ya mbugani, kule kwenye udongo mweusi, njooni na gari la juu. Mjomba akasema, "Twende na landrova."

"Mkweche ule, Mjomba? Tufike kwa watu na moshi?"

Akanitazama. "Haya. Anayeoa ni wewe."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami sikusikia la mkuu wala la mchumba. Tulipoingia mbugani, tope jeusi likashika magurudumu, na tumbo la kigari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Mjomba, mtu mzima na mvi zake, ndani ya suti yake moja aliyoipiga pasi mwenyewe, akashuka kusukuma. Gurudumu likamrushia tope mpaka usoni. Niliona aibu, mwanangu, na hata sasa naiona. Saa tuliyoahidi ikapita. Mwishowe wakaja ndugu zake Mbuke na ng'ombe wa jembe, wakafunga kamba, tukaburutwa hadi uani kwao, mimi nimeshika usukani ambao hauna kazi.

Mzee Masanja alimpa mjomba maji ya kunawa na kiti. Mimi nikainama, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Binti yangu alikutumia salamu juu ya njia?"

"Ndiyo, baba. Zilifika."

"Zilifika, na hukuzisikia. Bado hujamwoa. Ukishamwoa utamsikia lini?"

Alitulisha vizuri, ng'ombe wakaturudisha barabarani, ila habari ya posa hakutaka iguswe siku hiyo.

Wiki ile nikarudi sokoni Mirongo. Nikamtafuta yule mama wa mboga, nikampa ujumbe kwa Mbuke: njia ikoje, na tuje lini? Jibu likarudi, njooni Jumamosi, mpite upande wa mlimani. Jumamosi tukaisukuma landrova ikawaka, tukapita mlimani, tukafika na moshi wetu.

Mzee Masanja alikuja mpaka mlangoni mwa gari. "Nani aliwaelekeza njia hii?"

"Mbuke," nikasema.

Akamgeukia mjomba, akamshika mkono. "Karibu ndani, mkwe. Sasa tuzungumze."

Mwanangu, sikuambii gari la zamani ni bora kuliko la sasa. Kile kigari nilikitumia mjini miaka mingi na hakikunisumbua. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na ni kweli, lakini kosa langu lilikuwa kubwa kuliko hilo. Nilichagua gari kwa macho ya watakaonitazama, nikamzibia masikio aliyeijua njia. Wewe, kabla hujaondoka popote, muulize anayeishi huko, na akikujibu, mfuate. Na akiwa ndiye unayetaka kuzeeka naye, msikilize mara mbili. Mungu akupe safari njema, mwanangu, na nyumba ambamo neno la kila mmoja linasikika.