Harnidh na Jiko la Angani

Harnidh Kaur alianza kusukuma chapati kwenye langar, jiko la wote la gurdwara, hekalu la Masingasinga, mtaani kwao Tarn Taran, Punjab, akiwa na miaka saba. Pale kila aingiaye hulishwa bila kuulizwa jina, na wote huketi chini kwa mstari, mwenye kiwanda ubavuni mwa mchukuzi wa magunia. Bibi yake, ambaye mtaa mzima humwita Biji, alimpeleka jikoni ili atulie. Hakutulia. Alijifunza kusukuma chapati na kupiga domo kwa wakati mmoja, na hata alipofika miaka kumi na sita, ukimshika mikono hakuweza kumaliza sentensi.

Huyo ndiye waliyempa idara ya nyumba na chakula shule yake ilipofika fainali ya mashindano ya kubuni makazi ya angani, katika chuo kimoja nje kidogo ya Delhi. Huko shule nne huchanganywa ziwe kampuni moja, na siku ya pili saa sita mchana kila kampuni hukabidhi michoro yake. Walipewa watu elfu kumi wa kuwapa makao. Walibuni gurudumu kubwa linalozunguka, maana likizunguka walio ukingoni hupata uzito kama wa duniani. Mkuu wa kampuni alikuwa Advait Kulkarni wa Pune, kijana wa shati lililopigwa pasi hata kwenye mikunjo.

"Chakula ni jambo dogo," Advait alisema siku ya kwanza. "Kila chumba mashine yake. Mtu anabonyeza, anakula, anarudi kazini."

"Anakula na nani?" Harnidh akauliza.

"Na njaa yake."

Wenzake wakaangua kicheko. Harnidh hakucheka.

"Sikiliza, kaka wa Pune. Watu elfu kumi wamefungiwa ndani ya bati, kila mmoja na mashine yake? Mwaka wa pili watakuwa wanang'atana. Kwetu siku ya sikukuu tunalisha zaidi ya hao, na anayeosha sahani ni daktari wa meno."

Alibishana mpaka wakapiga kura, akashinda kwa kura tatu. Langar akaiweka katikati kabisa, kwenye kitovu cha gurudumu, ili asiwepo wa kutembea mbali kuliko mwenzake. Alichora hata rafu za viatu mlangoni, maana langar huingiwa miguu mitupu. Roho yake ikatulia.

Siku ya pili, zikiwa zimebaki saa mbili, alitoka hadi kwenye ujia akampigia Biji simu ili ajisifu.

"Nimeiweka katikati, Biji. Pale hakuna uzito, kwa hiyo watu wanafika wakielea."

"Wakielea?" Nyuma ya Biji masufuria yalikuwa yakigongana. "Na dengu je?"

Harnidh akaiona sufuria ile huko kitovuni.

Dengu zingetoka sufuriani zikatembea hewani. Unga ungejaa hewani na kuingia puani mwa watu elfu kumi. Na pasipo na chini, nani ataketi chini? Mchoro ule ulikuwa umekaguliwa na nusu ya kampuni, Wapunjabi watupu waliolelewa na langar, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kwao langar huwa katikati na mambo yamekwisha.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Angeweza kunyamaza, huenda majaji wasingeona. Akisema, Advait ataleta mashine zake. Lakini hakuweza kudanganya kuhusu jiko, kitu pekee duniani alichokijua kweli. Akaingia ndani, akasema mbele ya wote.

Advait akajifunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Basi ni mashine."

"Nipe nusu saa."

"Dakika ishirini, dada."

Akaketi sakafuni na mchoro mapajani. Alijaribu majiko manne ukingoni, akayafuta: baada ya mwezi mmoja lingekuwepo la wakubwa na la wadogo. Akapitisha kidole ukingoni akiwaza, kikazunguka, kikarudi kilipoanzia. Akairudia safari ile mara mbili, kisha akaruka wima.

"Mstari mmoja," alimwambia Advait. "Mikeka inazunguka gurudumu zima, na majiko yako kandokando."

Advait akaufuata mstari kwa macho. "Kichwa cha mstari kiko wapi?"

"Nimekitafuta. Hakipo."

Advait akainama karibu zaidi na karatasi. "Na viatu?" akauliza, na hapo Harnidh akajua langar imepona.

Walipoieleza michoro yao ukumbini, jaji, mama mhandisi mwenye mvi, alikuwa na swali moja. "Gavana wa makazi haya anaketi wapi?"

"Popote atakapokuta nafasi, madam. Akichelewa, karibu na wanaosugua masufuria."

Ukumbi mzima ukacheka, naye jaji akaandika kitu kirefu. Walishika nafasi ya pili. Walioshinda walikuwa na mitambo bora, na Harnidh alikubali bila kinyongo, jambo ambalo si kawaida yake.

Harnidh aliporudi Tarn Taran, Biji alisikiliza habari yote huku akigeuza chapati. "Na mimi umeniweka wapi?"

"Popote, Biji. Unaketi popote upendapo."

"Nikiketi mimi, nani atasukuma za watu elfu kumi?" Akamsogezea beseni la unga. "Nawa mikono, halafu uniambie tena alivyouliza huyo mama."