Kisahani cha sumaku

Leo nimemwita shemeji yangu mwizi mbele ya watoto wake.

Saidi, mume wa dada yangu, anakodisha baiskeli za umeme kwa watalii wanaokwenda ufukweni Antsanitia. Jumatano alinibadilishia mnyororo wa baiskeli yangu. Leo naenda msikitini, nakanyaga pedali, mota haisaidii kabisa. Betri imejaa.

Nikajua tu: kaing'oa sensa yangu nzima, ile inayoiambia mota kwamba nakanyaga, kaniwekea mbovu.

Baada ya swala nikaenda mtaani kwao Ampisikina kupayuka.

Saidi aliinua gurudumu la nyuma, akazungusha pedali kinyumenyume kwa mkono. Mota ikanguruma.

"Sensa nzima. Kisahani cha sumaku inachokisoma kimefungwa kinyume, inadhani unakanyaga kurudi nyuma. Nani alikifungua?"

Mimi. Jana, nikiiosha kwa ajili ya Ijumaa. Nilijifanya fundi.

Akakigeuza. Dada akaleta chai, hakuna aliyeigusa.

Baiskeli inakwenda, kwa mtakaouliza. Chekeni mkitaka.

Nilimwomba radhi kwa Kikomoro, lugha tunayoongea naye tangu amuoe dada. Akanijibu kwa Kifaransa, kwa upole, kama anavyowajibu watalii.