Meno ya Tata Siku ya Posa

Tata, baba yangu, aliyamaliza meno yake kwa kahawa. Si ya kunywa. Ile ya kwetu Buhaya, inayochemshwa na majani, ikakaushwa, ikatafunwa punje kwa punje. Alikuwa akianza asubuhi kabla ya kunawa uso na kuacha anapolala, na kwa kuwa tuliianika uani, mchanga nao aliusaga humo humo. Nilipofikia umri wa kuposwa, wakati huo wa Mwingereza, meno yalikuwa visiki, yamebaki kidogo tu juu ya ufizi. Kidevu kilipanda kikakaribia pua. Maneno yalitoka yamepondeka, naye akaanza kuziba mdomo kwa kiganja mbele ya watu. Mtu aliyekuwa akisoma Neno kanisani Kaagya! Ilimuuma sana.

Kisha ikaja barua ya posa kutoka Muleba. Nilimtaka yule kijana, sitaficha, nilimtaka kufa. Tata akasema hawezi kupokea wakwe na mdomo wa namna ile. Watadhani binti anatolewa na mlevi. Tukashika njia ya Bukoba, mimi na yeye, hadi kwa fundi wa meno, Mhindi mmoja mkimya aliyekuwa na chumba nyuma ya maduka ya nguo.

Fundi hakung'oa kitu. Alisema visiki vina mizizi mizuri, atatengeneza meno ya kuvaa juu yake. Kazi ni kujua mdomo umeporomoka kiasi gani. Akaweka nta laini kati ya taya, akampima kutoka pua hadi kidevu, kisha akamwambia, "Mzee, sema sitini na sita."

"Shichini na shicha," akasema Tata.

Fundi akakwangua nta. Sema tena. Akaongeza nta. Sema tena. Njaa ikaniuma mpaka nikamchukia fundi na sitini zake. Mara Tata akasema "sitini na sita", safi kabisa, hata mwenyewe akageuka kuangalia nani kasema. Weee! Nilicheka, naye akacheka bila kuziba mdomo.

Meno yalipokuwa tayari, fundi alitoa sharti moja: ndizi ale, maharage ale, kahawa asiguse. Punje moja tu ingeyapasua. Tata akaacha kahawa, na cha moto alikiona. Akawa mkali kwa mbuzi, kwa mama, kwa mvua. Mama akamwambia, "Afadhali zamani, ulipotukana hatukusikia vizuri."

Siku ya posa wageni waliketi juu ya nyasi mpya tulizotandaza sebuleni. Tata akawasalimu kwa sauti iliyonyooka, na mshenga wao, mzee mmoja mrefu, akaitikia kwa heshima. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimejaa majivuno. Ndipo shangazi akaleta kikapu cha kahawa.

Jamani, tulisahau wote! Kwetu mwenyeji ndiye anayetafuna punje ya kwanza, wageni wakimtazama, wajue hakuna sumu. Asipotafuna, wanainuka, na posa imekufa hapo hapo. Baba mdogo akanyoosha mkono atafune kwa niaba yake. Mshenga akatikisa kichwa. Lazima awe baba wa binti.

Tata alikitazama kikapu. Kisha akaingiza vidole mdomoni, mbele ya wageni, akayatoa meno, akayashika kiganjani. Uso ukaporomoka. Akatia punje, akaanza kuisaga kwa visiki, taratibu, macho yake kwa mshenga. Nilifumba macho. Ndiyo, nilimwonea aibu baba yangu, na najilaumu mpaka leo.

Mshenga akachukua punje, wenzake wakachukua. Akauliza, "Waitu, mzee wetu, unatupa mtoto?"

Tata alijibu kahawa ikiwa bado mdomoni. Hakuna neno lililotoka zima. Mshenga akainama, akauliza tena. Tata akarudia, jasho likimtoka, wasimwelewe. Wakaanza kutazamana. Baba mdogo naye hakuambulia kitu. Hakuwa ameishi na mdomo ule kama mimi. Lakini binti hasemi siku ya posa yake. Akisema, wanamwona hana adabu, wanaweza kuondoka.

Nikasogeza pazia.

"Amesema mnichukue," nikawaambia. "Na nikilia, mnirudishe kwake."