Fundi wa Chumba cha Pili

Fundi wa nguo hapa Keroka hushonea mlangoni, pini zimebanwa midomoni, na mguu wake hauachi kukanyaga cherehani hata mteja akimsalimia. Mguu huo hutulia tu pale Gesare, mpangaji jirani, anapoanza kusoma kwa sauti Kirusi anachosomea chuo kikuu, lugha ambayo fundi haijui hata neno. Ukurasa ukiisha, cherehani huanza tena. Jana matokeo ya mtihani yalitoka mabaya, na Gesare akasoma huku akilia. Leo asubuhi fundi alibisha, kikombe cha chai mkononi, akatoa kwanza pini midomoni.

"Gesare, yule mtu wa kitabuni aliyekuwa akilia jana, amepata nafuu?"

Kitabuni hapakuwa na mtu, ni mazoezi ya vitenzi tu. Gesare akapokea chai kwa mikono miwili.

"Anaendelea vizuri, mama."