Kikuku cha Uani Kibokoni

Mamangu alikuwa hafungi mlango hata siku moja bila kuuliza. Jua likizama, adhana ya magharibi ikianza, husimama kizingitini pa nyumba yetu ya Kibokoni, mkono kwenye komeo, akauliza, "Sote tumo?" Ni ada ya wazee wa Mji wa Kale. Mtoto haachwi nje wakati ule, kwa kuwa saa hiyo wanaopita vichochoroni si wanadamu peke yao. Tulipokuwa wadogo tuliitika kwa pamoja, "Sote tumo, mama!" Naye hukaa kidogo pale pale, kama anayengoja mtu aliyechelewa, ndipo akafunga.

Baba akafa, ndugu zangu wakatawanyika kila mmoja na riziki yake, tukabaki mimi na yeye ndani ya nyumba kubwa, na bado aliuliza. Mimi sina subira, najijua. "Tumo, mama! Tu wawili, nani mwingine?" Naye hufunga komeo. Kisha sukari ikamla macho, na sukari hiyo hiyo ikaja kunigandisha mimi bega la kulia, hata kitana nikawa sikifikishi kichwani. Tukawa vipande viwili vya mtu mmoja. Alinifuata ameshika mkono wangu wa kushoto, tena haswa ile bangili ya fedha niliyovishwa na bibi yangu mzaa baba siku ya harusi yangu. Akisema ngozi huteleza, bangili haitelezi.

Halafu nyumba ikauzwa. Ilikuwa ya babu, na warithi wa babu hawana idadi. Wengine sijapata kuwaona ila siku ya kutia sahihi. Binamu yangu mmoja, mtoto wa ami yangu mkubwa, ndiye aliyesimamia mambo, na ndiye aliyekuja kutueleza. Mnunuzi hatabomoa, alisema, tushukuru. Mlango wa nakshi utabaki na roshani itabaki. Uani tu ndipo patakapochimbwa, litiwe tangi kubwa la maji chini kwa chini. Alilisema hilo akila kaimati za mamangu.

Siku ile mamangu hakula. Alasiri akaniita. "Ndoo hapa kwangu, ukae." Nikakaa. Akasema, "Mimi nina mtu uani."

Nilidhani akili nazo zimeanza kumtoka. Nikamwambia, "Mama, uani pana kisima, pana mkungumanga na nguo zangu kwenye kamba." Akanipiga kofi la gotini. "Sikiza, ewe! Kabla yako palikuwa na mwingine."

Mimba yake ya kwanza iliharibika. Haikuwa imefika miezi ya kupuliziwa roho, na isiyofika hapo, kwa sheria yetu, haina sala wala jina. Hutiwa kitambaa cheupe, ikafichwa ardhini. Bibi ndiye aliyeichukua. Mamangu alikuwa kitandani, hawezi kusimama, hakuonyeshwa kitu. Akavua kikuku chake kimoja cha mguuni, cha fedha, akampa bibi na kumwomba akitie ndani ya kile kitambaa, mwanawe asiende mikono mitupu. Bibi akakipokea, akatoka uani. Mamangu alipopata nguvu za kuuliza ni wapi, bibi alimwambia ya Mungu hayaulizwi. Kisha uani pakatiwa saruji, kisima kikafunikwa, na bibi akaondoka duniani na siri yake.

"Mimi sitaki makubwa," akasema mamangu. "Nataka nijue ni hapa. Nichote mchanga, upelekwe makaburini Kikowani ukae na baba yake. Kisha wachimbe watakavyo. Wataja na sururu, mwanangu. Watamtupa na kifusi."

Nikaelewa basi aliyekuwa akimngojea mlangoni miaka yote, na kila jibu la ukali nililompa likanirudi. Mifupa haikuwapo tena, mchanga ule si wa kuacha kitu. Kilichobaki ni fedha. Na fedha ina mashine yake.

Msifikiri nilijua chochote. Mashine za namna hiyo nilizijua zile za askari wa lango la supamaketi, wanaokupapasa nazo mkoba huku wanatazama pengine. Nikaulizia, nikaelekezwa duka moja upande wa Mwembe Tayari. Mamangu akakataa katakata kubaki. Tulipofika, muuzaji, mtu wa Kaloleni mwenye adabu zake, alitupa viti kabla ya kutuuliza shida yetu. Nilipomwambia natafuta mashine ya kutafutia fedha ardhini, iwe nyepesi, alitabasamu. "Mama, wengi huja kutaka ya dhahabu. Wewe wa kwanza kuanza na uzito."

"Bega langu ni bovu," nikamwambia. "Na huu mzima si wangu." Nikamwonyesha mamangu alivyoushika.

Akaileta ya kwanza, kubwa, ya kufika chini sana. Niliinyanyua, bega likalia. Nikaiweka chini na tusi nikalimeza. Ya pili ilikuwa nyepesi kama ufagio wa chelewa, nikaipenda papo hapo. Yeye akatikisa kichwa. Hiyo, alisema, msumari na pete kwake ni sauti moja, na Mji wa Kale umejaa misumari chini kuliko mawe. Utachimba mpaka uchoke. Nikaona ananisukuma kwenye ya bei, nikamwambia hivyo hivyo usoni. Hakukasirika. Akaleta ya tatu, fimbo ya kukunjika, chini ina sahani ndogo, juu ina kikalio cha kiwiko, na betri zake zimewekwa nyuma ya kiwiko. "Ishike uipunge," akasema.

Nikaipunga. Wallahi, bega halikusema kitu. Kwa mizani ilikuwa nzito kuliko ile ya pili, lakini uzito wake ulikaa nyuma, sahani ikawa yaelea yenyewe. Akanieleza kuwa hilo ndilo la kutazama: si kilo zake, ni mahali kilo zilipokaa, kwa kuwa mkono hauchoki kwa kubeba, huchoka kwa kuzuia kitu kisianguke mbele. Na sahani ndogo hupita katikati ya msumari na msumari. Chuma huitikia kwa mguno, fedha kwa mlio mwembamba. Ina pia kitufe cha kuizoesha ardhi yenye chumvi, maana mchanga wa karibu na bahari huzidanganya mashine hizi zikalia bure.

Alikuwa ameilaza juu ya meza. Nikanyoosha mkono wa kushoto niiguse sahani, na mashine ikapiga mlio mwembamba, mrefu, mpaka watu wa nje wakachungulia. Mamangu akaruka. "Imepata nini?"

"Bangili yangu, mama."

"Hiyo ndiyo sauti ya fedha, bibi," muuzaji akamwambia. "Iweke masikioni."

Mamangu akaomba niirudie. Nikapitisha mkono tena, na tena. Alisikiliza ameinamisha kichwa, midomo inamcheza. Tukainunua ile ile.

Saruji ya uani ilikuwa imekufa zamani, fundi akaibandua asubuhi moja. Siku zilizofuata kazi ikawa ni hiyo. Mashine mkono wa kulia, mamangu mkono wa kushoto, tunakwenda kwa vidole vya miguu, kutoka kisimani hadi ukuta wa jikoni, twarudi. Mguno, mguno, mguno. Mji wetu ni msumari mtupu! Nilichimbua bawaba, kitasa, mfuniko wa kopo la samli. Kila mguno mamangu akasema, "Siye." Alijua kabla yangu.

Na habari zikatoka, zisitoke vipi? Ukuta wa Kibokoni una masikio na mdomo pia. Wazee wa baraza ya mkabala wakaanza. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame!" mmoja akanipigia kelele nikitupa taka. "Ukipata chungu cha Mreno utukumbuke, jirani!" Nikamwambia nikikipata nitamvika kichwani. Binamu yangu naye, ambaye hatukumwona tangu zile kaimati, alikuja akasimama uani mikono nyuma. "Kilichomo ardhini," akasema, "nacho ni mirathi." Nilimwinulia sahani mpaka kwenye chuma cha mshipi wake, mashine ikaguna, akaondoka.

Siku moja ikalia. Mlio mwembamba, karibu na ukuta wa jikoni. Mamangu alinibana mkono nikasikia bangili yaingia nyamani. "Ndiye! Ndiye, chimba!" Nikapiga magoti, nikafukua kwa kisu na vidole. Ilikuwa shilingi ya zamani, ya kichwa cha mfalme, nyeusi. Nilimtilia kiganjani, akaipapasa ukingo wake wote, akaielewa. "Irudishe," akasema. "Mwenyewe huenda yuaitafuta." Akaingia chumbani, akafunga. Nikakaa pale chini na mchanga kwenye kucha, nikalia, si haba.

Shangazi yangu akaja kesho yake kutoka Kuze, amesikia habari za hazina. Ndiye dada wa baba pekee aliyebaki. Alisalimu, akatazama uani palivyotobolewa, akauliza. Nikamweleza. Akanishika nguo akanivuta jikoni, akaurudisha mlango.

"Acha kuchimba," akasema. "Hapana kikuku."

Bibi hakukizika. Alikuwa mtu wa dini kali, na maiti hazikwi na mali. Hilo hakuliona la kuzungumza. Lakini kumrudishia mkwewe kikuku ilikuwa ni kumwambia amemnyima mwanawe, na mamangu siku zile ukimtajia tu alizirai. Basi akakikunja kitambaani, akamtuma shangazi, naye ni msichana tu, akipeleke kwa sonara kiyeyushwe, kifanywe pambo jingine. Kisha akaliweka. Likangoja mpaka atokee mtoto wa kike wa kulivaa.

Hakunionyesha kwa kidole. Alitazama tu mkono wangu wa kushoto.

"Na mahali?" nikauliza. "Alipozikwa?"

"Mama alizika peke yake. Hakunionyesha."

"Na mkanyamaza miaka yote hii!"

"Tungesema nini? La kuvunda halina ubani," akasema, akatafuta buibui lake. Nilimwacha aende bila kumsindikiza, na kwetu hilo ni tusi.

Nilikaa jikoni mpaka jiko likazimika. Kisha nikafanya alilonituma shetani. Niliivua bangili kwa sabuni, kwa tabu, nikaenda pembe ya uani ambayo hatujaifikia, chini ya mkungumanga, nikachimba kwa kisu. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Nitaifukia, nitampitisha mamangu, mashine italia ile sauti aliyoiweka masikioni. Atachota mchanga wake na kupumzika. Nitamwambia fedha imeoza, haishikiki. Ni uongo, lakini nani angedhurika?

Nikasikia kiganja chake chapapasa ukuta. "Ushaanza bila mimi? Nishike."

Nikanyanyuka. Akaleta mkono wake pale pale pa siku zote, akashika, vidole vikaenda juu, vikashuka.

"Bangili i wapi?"

Nilikuwa na maneno tayari. Badala yake nilipiga magoti, nikaitoa kwenye tundu na mchanga wake, nikamtilia mkononi, nikamweleza yote, tangu kitambaa hadi sonara. Alinisikiza amesimama. Aliigeuzageuza ile bangili, akainusa, akaipima kwa kiganja. Nilingoja amlaani bibi, nilitamani amlaani. Akanirudishia.

"Fedha ni yangu," akasema. "Mtoto siye."

"Nichote mchanga, mama? Wa hapa?"

"Wa hapa ni wa nani? Wajua wewe?" Akageuka, akaufuata ukuta peke yake.

Tangu siku hiyo aliacha kunishika kushoto. Alipotaka kwenda msalani au barazani alizunguka akashika mkono wa kulia, ule mbovu, na kila hatua bega liliungua. Bangili niliivaa tena kwa kuwa sikujua pengine pa kuiweka. Magharibi ikifika alifunga mlango kimya. Kuuliza aliacha, na mimi niliyechoshwa na swali lile umri wangu wote nikawa nakaa nalingoja.

Mashine niliirudisha dukani. Muuzaji akaniuliza kama ilikuwa nzito, nikamwambia haina kosa. Akauliza kama tulipata. Nikamwambia ndiyo, akafurahi kwa dhati.

Siku ya kuhama vyombo vilitangulia Feri, twahamia Likoni, nyumba ya kupanga. Uani mafundi walikwisha kufika. Walikuwa wanapima kwa kamba, wakicheka mambo yao, sururu zimeegemezwa kwenye mkungumanga. Mamangu alisimama kizingitini amevaa buibui lake la kutokea, ameushika mkono wangu wa kulia. Sururu ya kwanza ikaanguka. Akashtuka mwili mzima. Ikaanguka ya pili. Nikamwambia, "Twende, mama, tusisikilize."

Hakusogea. Aliuachia mkono wa kulia, akapapasa kifuani pangu hadi upande wa pili, akashuka mpaka kwenye bangili. Akaikamata kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, kama mtu anayevusha mtoto barabara.

"Funga mlango," akasema. "Sote tumetoka."