Matundu ya Parashuti ya Farhan

Mie ule mfuko sikuupenda tangu ulipoingia. Mkubwa, mwekundu, unabebwa mgongoni, na aliyeubeba anacheka kabla hajasalimia. Mtu anayecheka kabla ya salamu huwa namwangalia mikono. Ndivyo nilivyo. Nyumbani Tukuyu walishanizoea, hapa Kigamboni bado wanalalamika.

Naitwa Vaileth, kazi yangu kusuka. Fremu yetu ya biashara iko Mjimwema, njia ya kushukia ufukweni. Upande wa kushoto viti vyangu na rasta zangu, upande wa kulia cherehani ya Mwajabu. Mwaka wa tisa huu tunagawana feni moja. Kwa hiyo ninayoyasema kuhusu Mwajabu sikuambiwa na mtu, nimeyaona, na mengine, Mungu anisamehe, nimeyasababisha.

Mwajabu ni Mzaramo wa hukuhuku. Baba yake alifariki yeye yuko darasa la tano. Mama akamshika mkono akampeleka Temeke kwa fundi Twalib, akasema, "Huyu sina cha kumpa, wewe mpe ufundi." Twalib akampa. Alimkalisha kwenye meza ya kukatia, akamfundisha kutungia uzi, kutia vifungo, kupiga pasi, mpaka kukata suti ya bwana harusi. Posa ya Mwajabu ilipokuja, ilipokelewa barazani kwa Twalib. Mpaka leo akimtaja anasema "mwalimu", na sauti inashuka.

Sasa mafundi wetu kila mtu anawajua. Unapeleka kitambaa cha gauni, linarudi gauni la kukubana, na wiki ya pili unamwona mtoto wa fundi kavaa kijisketi cha rangi ileile. Twalib hakuwa hivyo. Kwake kitambaa cha mtu hakibaki dukani, hata kipande cha upana wa kidole, mabaki yote anakufungia pamoja na nguo yako. Mwajabu naye ndivyo anavyofanya, na ndiyo maana watu wanavuka maji kwa pantoni kumfuata.

Ndiyo maana hata vijana wa kaiti walimfuata. Nasema wale wanaosimama juu ya ubao, kaiti kubwa iko angani inawavuta juu ya maji. Ikichanika kwenye matumbawe, wanamletea. Kile kitambaa ni naironi, chembamba mno, kinateleza, fundi asiye na subira anakitupa. Mwajabu alikizoea, akawa nao hata ule utepe wa gundi wa kubandikia viraka. Na Farhan, huyo mwenye mfuko mwekundu, ni mmoja wao, kijana wa Kibada, anafundisha wageni kaiti.

"Shikamoo mama," akamwambia Mwajabu. "Sista Vai, niaje."

"Marahaba. Kaiti tena?"

"Safari hii siyo kaiti. Hii ni ya kuruka."

Akaimwaga sakafuni. Ikajaa fremu nzima, ikaingia mpaka chini ya miguu ya mteja wangu niliyekuwa nimemfikisha nusu kichwa. Wao wana jina lao la Kizungu, mie nikaona parashuti. Akaeleza kwamba upepo wa mchana ukiwa mkali wanacheza kaiti, asubuhi ukiwa mpole wanaruka na hiyo. Maji yakitoka, pikapu inapita ufukweni inakuvuta kwa kamba, ukishapanda unaachia kamba.

"Na ukishaachia kamba nani anakushusha?" nikauliza.

"Nashuka mwenyewe."

"Haya."

Alitaka ashonewe pindo la nyuma tu, lilikuwa limechanika. Akasema ameinunua kwa mtu wa Kunduchi, ilishawahi kushonwa hukohuko, na yeye anakwenda Unguja kufundisha kaiti, atarudi Ijumaa. Akaondoka anacheka vilevile.

Mwajabu akaanza kazi. Baada ya muda nikamsikia, "Vai, hebu njoo."

Ile kitu ina kitambaa juu na kitambaa chini, katikati kuna kuta za kitambaa zinazogawa vyumba, na mbele vyumba viko wazi, mkono unaingia. Mwajabu alikuwa ameingiza mkono mpaka begani. Nikaingiza wangu. Nikakuta tundu. La duara, safi kabisa. Pembeni yake jingine. Ukuta wa pili, matundu. Wa tatu, matundu. Tukahesabu mpaka hamsini tukaacha.

"Hayo hayakuchanika," nikasema. "Yamekatwa. Tena kwa kipimo."

"Labda ndivyo yalivyo."

"Dada, tumia akili! Nani atengeneze kitu cha kubeba mtu angani halafu akitoboe? Hapo kuna fundi kala kitambaa. Kakata ndani, pasipoonekana na mwenyewe."

Mwajabu alikuwa ameligeuza pindo, anaangalia kiraka cha zamani. Akakipitisha kwenye vidole mara mbili, mara tatu. Uso ukabadilika.

"Huu mkono wa mwalimu," akasema.

Twalib alikuwa amehamia Kunduchi mwaka wa sita huo, kwao mkewe, anashona mapazia ya hoteli na chochote kinacholetwa kutoka ufukweni. Na Mwajabu hawezi kukosea mshono wa Twalib, ni sawa na mtu kukosea mwandiko wa mama yake.

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Sikunyamaza. Nikakumbuka Idi iliyopita tulipokwenda kuwasalimia, mke wa Twalib, mama Zubeda, alinipa kimfuko cha naironi cha kuvuta kamba, nakiwekea vitana. Nikakichukua, nikamwaga vitana, nikaweka kitako chake juu ya tundu. Duara juu ya duara. Pakalingana, wallahi, na mie Mlutheri.

"Umeona?" nikasema. Nakiri nilifurahi. Nilijiona nina akili kuliko Kigamboni nzima.

Mwajabu akakaa chini sakafuni. "Mzee ana miaka sabini na mbili, Vai. Macho hayaoni vizuri. Labda maisha yamembana."

"Basi mpigie umuulize."

"Nimpigie nimwambie nini? Mwalimu, umeiba? Mtu aliyenipokelea posa?"

"Basi mwambie Farhan."

"Farhan akijua, watu wa kaiti wote wanajua mpaka Kunduchi. Yule mzee hana nyumba, hana shamba, ana jina lake tu." Akafuta macho kwa ukingo wa mtandio. "Tutayaziba. Hakuna atakayejua yalikuwepo."

Akayaziba. Alhamisi nzima na Ijumaa mpaka saa kumi, anakunja kile kitambaa mkononi chumba kimoja kimoja, anabandika kiraka cha gundi huku na kiraka huku, anakandamiza kwa kijiko. Mie namkatia duara kwa mkasi wangu wa nywele. Wateja wawili wa pindo la suruali aliwarudisha. Sijawahi kumwona anafanya kazi safi namna ile na roho imemwinama namna ile. Na mie kila anayepita mlangoni namwona jasusi wa Kunduchi.

Farhan akaja, akaangalia pindo, akasifia, akasema, "Kesho asubuhi njooni mnione." Moyo wangu haukutaka. Mwajabu akasema tutakuja, maana asingekwenda angeonekana ana jambo.

Jumamosi saa mbili maji yalikuwa yametoka, mchanga mgumu, pikapu imewasha injini. Vijana wa kaiti walikuwepo, wanangoja upepo wao wa mchana, na mmoja, Sadallah, mtoto wa Kunduchi, ameshika simu anarekodi. Farhan akajifunga mikanda. Kabla ya kufungwa kamba ya pikapu akainyanyua kwanza parashuti palepale chini, ndiyo kawaida yao.

Ikapanda katikati. Pembeni ikalegea. Akaishusha, akainyanyua tena. Katikati imevimba vizuri, pembe zote mbili zinaning'inia zinapigapiga. Akaishusha, akapiga magoti, akaingiza mkono ndani. Nilimwona anavyoacha kucheka.

"Mama Mwajabu," akaita. "Umeziba nini humu?"

Mwajabu akarudi nyuma hatua moja. Wote wakamgeukia, na simu ya Sadallah ikamgeukia. Mie nikapandwa na hasira. Sipendi mtu wangu akodolewe macho.

"Mlitaka aache?" nikapaza sauti. "Fundi Twalib wa Kunduchi kawakatia kitambaa chenu akashonee vimifuko, huyu dada wa watu kajinyima usingizi kumsitiri, leo mnamtolea macho!"

Mwajabu akaniangalia, na ule mtazamo sitausahau. Siku mbili alizohangaika kulificha lile jina, mie nimelitoa kwa pumzi moja.

"Sista Vai," Farhan akasema polepole, "hayo matundu ni ya kiwandani. Hewa inaingia mbele, inapita kwenye matundu toka chumba hiki kwenda kile, mpaka pembeni. Ukiyaziba, pembeni hakufiki kitu. Zote ziko hivi, dunia nzima." Akaishika pembe iliyolegea. "Ningekuwa juu, ingejikunja na mie ndani."

Kumbe kijana wa watu nilikuwa nimemchimbia kaburi kwa mkasi wa nywele. Nikamwomba msamaha hapohapo, nikalia, akaniambia yameisha, ndiyo maana wanajaribu chini kwanza.

Lakini Mwajabu hakuuliza habari ya parashuti. Aliuliza, "Sadallah mwanangu, umerekodi?"

Sadallah akatazama chini. Alikuwa ameshaiweka status. Aliifuta, lakini watu wa Kunduchi hawalali na simu zao, na saa nne asubuhi Mwajabu akatumiwa ileile video na mtu asiyemjua, ameandika chini, "Mzee Twalib naye kumbe!"

Tukabandua viraka vyote Jumamosi na Jumapili. Farhan mwenyewe alikaa nasi anabandua. Jumatatu akaruka, na nasikia aliruka vizuri. Hatukwenda kuangalia.

Jumanne tukaenda Kunduchi. Twalib tulimkuta barazani, miwani imefungwa uzi, anapinda pazia. Mwajabu akapiga magoti.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibuni."

Mama Zubeda akaleta chai na vitumbua, hakukaa. Vile vimifuko, nikaja kujua siku hiyo, anavishona kwa kaiti mbovu wanazotupa watu wa hoteli, na watu wanapanga foleni kuviomba. Nikatamani ardhi ipasuke.

Mwajabu akaeleza yote bila kujitetea, jinsi alivyoona matundu, alivyoutambua mshono, alivyotaka kumsitiri. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, sindano iko hewani.

"Siku hiyo simu ilikuwa na chaji?"

"Ilikuwa nayo, mwalimu."

"Namba yangu unayo?"

"Ninayo."

"Haya." Akachoma sindano kwenye pazia. "Yameisha, mwanangu. Kunywa chai."

Nikaona hapana, lazima niseme. "Mzee, mimi ndiye niliyemtia maneno. Kosa ni langu, siyo lake."

Akanitazama kwa upole kabisa. "Wewe, binti, hunijui kama huyu anijuavyo. Wewe hujakosea kitu."

Njia nzima mie nilikuwa napumua vizuri. Mzee kasamehe, kasema mwenyewe yameisha, chai tumekunywa. Nikamwambia Mwajabu mbona imekuwa nyepesi. Alikuwa anatazama nje tu, nikadhani ni uchovu.

Zikapita wiki mbili. Mchana mmoja Isack wa bodaboda akasimama mlangoni na bahasha ya khaki, kasema ametumwa na mzee wa Kunduchi. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe kizuri cha kanzu, kimekunjwa, na juu yake karatasi imebanwa kwa pini. Mwandiko wa Twalib, umenyooka. "Kanzu moja. Mita tatu na nusu."

"Unaona!" nikasema. "Kakuletea kazi. Angekuwa na kinyongo angeshona mwenyewe."

Mwajabu alikuwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili. Na hapo nikaelewa, maana hata mie nimepeleka vitambaa kwa mafundi nisiowaamini, na ndivyo nilivyofanya: nikapima kwanza nyumbani, nikaandika, ili ajue ninajua.

"Miaka thelathini ananipa vitambaa vyake," akasema. "Hajawahi kuniandikia kipimo."

"Labda anatania."

"Mwalimu hataniagi kwenye kitambaa."

Akavuta futi shingoni, akakitandaza kitambaa mezani, akaanza kukipima toka mwanzo, machozi yanamtoka anayafuta kwa kiganja ili yasidondokee kile cheupe. Mie nikamshikia upande wa pili, kisivutike.