Mwokaji Mikate Katika Mashindano ya Rumangabo

Gari langu la mashindano nililipata kwa kubadilishana na kamionete yangu ya kubebea mikate. Mzungu mmoja, mnunuzi wa kahawa aliyekuwa amekaa Goma miaka mingi kuliko mimi, alikuwa anahama. Askari walikuwa wamekwisha kuupora mji mara moja, na yeye hakutaka kungojea mara ya pili. Alikuwa na gari dogo jekundu la viti viwili, la chini kiasi kwamba ukiketi ndani yake unatazamana na magoti ya watu. Alikuwa pia na friji, kitanda cha chuma, masanduku mengi na mbwa wawili. Mimi nilikuwa na kamionete. Alikuja asubuhi kwenye tanuru yangu, akaizunguka kamionete, akasema, "Chukua yangu, nipe yako." Nilikubali kabla hajamaliza chai yake.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa darasa la nne, mtu wa Butembo, na watu wa Butembo hawabadilishi kitu kinachobeba mizigo kwa kitu kisichobeba. Alilitazama lile gari muda mrefu bila kuligusa.

"Mikate itakaa wapi?" akauliza.

"Kwenye kiti cha pili."

"Na mimi je?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Kwa hiyo watu wa mtaa wa Majengo walianza kuletewa mikate kwa gari la mashindano. Magunia niliyafunga mkanda kama abiria. Mikate ilifika ingali moto, ila upande mmoja ilikuwa bapa. Wateja hawakulalamika sana. Walitoka nje kulitazama gari, na wakishatoka walinunua.

Miaka ile tulikuwa watu wazima wanane pale mjini tulioshindana kwa magari, Jumapili moja moja, baada ya misa. Bora wetu alikuwa daktari wa meno. Tulianzia kwenye nyumba za mwisho za Majengo na kumalizia Rumangabo, volkeno ikiwa mkono wa kushoto njia nzima. Magari yaliondoka moja moja, na mtu alitungojea mbele na saa mkononi. Hakukuwa na kombe. Wa mwisho aliwanunulia wenzake bia. Niliwanunulia bia nyingi.

Shindano langu la kwanza nilipitwa na lori la kabichi. Lori lenyewe halikuwa kwenye mashindano. Dereva wake alinipungia mkono, nami nikampungia, maana sikujua ni kitu gani kingine cha kufanya.

Katika mashindano ya namna ile, dereva huwa na mtu pembeni anayemsomea njia kwenye daftari: kona inapinda wapi, jiwe liko wapi. Wa kwangu alikuwa binamu yangu. Tulipofika kijiji cha Kibumba alitapika, na akatapikia daftari. Mke wangu alipoliona alilishika kwa vidole viwili akalitupa.

"Nitaandika lingine," akasema. "Na nitalisoma mwenyewe. Wewe na ndugu yako hamujui kusoma, munajua kupiga kelele."

Alipanda lori la sokoni, akaenda hadi Rumangabo na kurudi, akiandika. Kila kona aliipa namba, kwa mwandiko wa ubaoni, na zile za hatari kwa wino mwekundu. Shida ilikuwa usomaji wake. Alisoma kama anayetoa imla darasani, kila sentensi mara mbili, na alipofika mara ya pili kona tulikuwa tumekwisha kuipita.

"Kona ya tano, kushoto, pole. Kona ya tano, kushoto, pole."

"Hiyo imepita, mama!"

"Basi ungeniambia kama unataka mara moja."

Alipojifunza kusema mara moja, tukaanza kuwa washindani. Kwenye sehemu iliyonyooka karibu na Kibumba mshale wa mwendo ulipanda hadi mia moja na ishirini. Nilimtupia jicho. Alikuwa amefumba macho na bado anasoma. Daftari lote alikuwa amelikariri.

Siku yetu kubwa tulishika nafasi ya pili. Ng'ombe wa watu waliingia barabarani pale Rugari na kuwazuia watano waliotutangulia. Sisi tulikuwa nyuma sana hata tulipofika ng'ombe walikuwa wakimalizia kupita, na wale watano walikuwa wamezima moteri na kuteremka kugombana na wachungaji. Daktari wa meno peke yake ndiye aliyekuwa amewahi kupita. Mtu wa saa alituandika wa pili, akatazama tena barabarani kama wengine wanakuja, akaandika tena. Mke wangu aliwaambia walimu wenzake. Mimi nilimwambia kila mtu aliyenunua mkate.

Kisha wakimbizi wakaja. Walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku kadhaa mfululizo, na Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yetu ya mashindano. Hakuna aliyekuwa ametangaza kwamba hayapo, kwa hiyo madereva wawili tulifika mahali pa kuanzia: mimi na daktari wa meno. Barabara ilikuwa imejaa watu kutoka mfereji hadi mfereji, wenye magodoro, masufuria, wazee mgongoni. Walikuwa wanaelekea kulekule tulikotaka kwenda. Tulisimama kando ya magari yetu. Daktari aliitazama saa yake, kwa mazoea tu nadhani. Halafu akavua kofia yake ya chuma, akaiweka kitini, akasema, "Nina mitungi miwili ya maji nyumbani." Akaenda kuichukua. Mimi nilikwenda kuwasha tanuru.

Kipindupindu kilifuata upesi. Kila asubuhi kulikuwa na watu wamelala kando ya barabara, wamefungwa kwenye mikeka, na hawakuwa wamelala usingizi. Tulioka mikate tangu alfajiri hadi giza. Nilijaribu kuipeleka Kibumba, mahali ambapo wengi walikuwa wamepiga kambi. Lakini lile gari lilikuwa limeundwa kwa mbio. Likitembezwa kwa mwendo wa mtu wa miguu, maji yake yalichemka. Nililazimika kusimama kila baada ya mwendo mfupi ili lipoe, na kila niliposimama mikate ilipungua. Siku tatu za kwanza mkate haukufika Kibumba hata mmoja. Sikusikitika. Uliliwa.

Mke wangu alikuwa bado na daftari lake. Kwenye ile sehemu iliyonyooka sasa palikuwa na mji wa maturubai. Kona ya kumi na moja palikuwa mahali pa kuteka maji. Kona ya kumi na mbili walizika watu. Aliyaandika hayo kwa penseli pembeni mwa namba, kwa mwandiko uleule, na sikumwuliza kwa nini.

Kona ya tisa aliishi mzee mmoja mwenye mvi. Siku niliposimama hapo kupoza gari, hakuja kuomba mkate. Alikaa mbele ya turubai lake, ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Muzee mwenzangu," akasema, "supapu ya tatu ya moteri yako haifungi."

"Umejuaje?"

"Inasema yenyewe."

Alikuwa fundi wa magari Kigali. Alikuwa nini kingine huko, hakusema, nami sikuuliza. Wakati ule watu waliulizana machache. Mke wake alikuwa amekufa juma la kwanza. Nilimletea funguo za kufungulia nati na vyuma vya kazi, akaifungua moteri juu ya gunia la unga, akaifanyia kazi siku mbili, akaifunga. Sijawahi kuendesha gari lililo zuri kama lile baada ya mikono yake, na nililiendesha kwenye barabara ambayo mbuzi walikuwa wakinipita. Kila nilipopita kona ya tisa aliinuka, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kwamba iko sawa, akakaa. Mke wangu alimtumia sweta. Alilivaa tangu siku hiyo, hata jua likiwaka.

Hivyo ilikwenda miaka miwili na kitu. Halafu vita vikaanza kwetu, na kambi zikafumuka. Watu waliokuwa wamejaa bonde zima waliondoka kwa siku chache tu. Wengine walirudi kwao kwa miguu, wengine walikimbilia magharibi, msituni. Bunduki ziliponyamaza kidogo nilikwenda kona ya tisa. Nilikuta vijiti vinne na masizi. Sijui yule mzee alishika njia gani. Nimeuliza watu wengi, wa pande zote mbili.

Wakubwa wapya wa mji walihitaji magari, wakachukua magari. Langu lilichukuliwa na komanda mmoja kijana, mwenye adabu, aliyeniandikia karatasi. Baada ya siku nne akanirudia.

"Papa, gari yako ina ugonjwa. Haitaki kupita vitesi ya pili."

Halikuwa na ugonjwa; yeye ndiye hakujua kubadilisha gia. Nilimfundisha juma zima kwenye uwanja wa mpira, askari wake wakitutazama, na hakuna aliyecheka. Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii. Aligonga goli mara moja tu.

Kisha akaamua kufanya mashindano hadi Rumangabo, ili watu waone kwamba njia ni salama. Mtu fulani akamwambia habari za daftari. Alikuja nyumbani, akavua kofia, akakaa.

"Mama, naomba lile daftari lako."

"Mutu mwingine hawezi kulisoma," mke wangu akajibu. Na ilikuwa kweli. Kwa miaka mingi alikuwa amefupisha maneno hadi zikabaki herufi na alama.

"Basi utakuja kusoma wewe mwenyewe."

Nikasema kwamba nami nitakwenda.

"Viti ni viwili, Papa," komanda akasema.

Alipoondoka, niliwaza kumwambia mke wangu ajifanye anaugua. Aliniona ninavyowaza. "Nitarudi," akasema. "Siku hiyo uchunge maharage tu, yasiungue."

Sikuyachunga. Niliyaacha motoni nikapanda pikipiki hadi kona ya kumi na nne, iliyoandikwa kwa wino mwekundu, nikasimama na wakulima wa pale. Magari yalikuwa matano. Niliisikia moteri yangu kabla ya kuliona gari, na kutokana na mlio nikajua komanda anakuja kwa kasi isiyofaa kona ile. Yaliyosemwa ndani alinisimulia mke wangu baadaye.

"Kona ya kumi na nne, kulia, pole."

Komanda akakanyaga zaidi.

"Komanda, nimesema pole."

"Mimi ni mwanajeshi, Mama."

"Barabara haijui hiyo."

Gari likaacha barabara, likaruka mfereji, likabiringika mara moja na kusimama kwa magurudumu yake katikati ya kabichi za mtu. Sikumbuki nilivyovuka mfereji. Nakumbuka kwamba walinzi wa komanda, waliokuwa wanafuata kwa gari jingine, walifika nami na kutuelekezea bunduki sote, pamoja na mwenye shamba, ambaye aliinua mikono juu, kisu mkono mmoja na kabichi mkono wa pili.

Mke wangu alikuwa ameketi kitini, daftari mapajani, anafuta miwani. Alikuwa na mkwaruzo kwenye paji la uso. Komanda alikuwa amevunjika mfupa wa bega na uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

"Unisamehe, Madame," alikuwa akisema. Hivyo ndivyo wanafunzi walivyomwita.

"Ulisikia, lakini hukusikiliza," mke wangu akamwambia. "Hayo ni mambo mawili."

Nilijikuta nimekaa chini kwenye kabichi, nimeshika kiatu kimoja cha mke wangu kilichokuwa kimerukia nje. Nilikishika hadi tulipofika nyumbani. Maharage yalikuwa mkaa.

Baada ya majuma mawili askari kumi na wawili walilisukuma gari hadi kwetu. Walikuwa na karatasi yenye muhuri, imeandikwa kwamba gari limerudishwa kwa mwenyewe likiwa katika hali nzuri, na mahali pa mimi kutia sahihi. Upande wa dereva paa lilikuwa limebonyea hadi karibu na volani ya kuendeshea. Nilitia sahihi. Mmoja wao aliomba maji, tukampa, na wenzake pia.

Mafundi watatu waliniambia kwamba mwili wa lile gari hauwezi kunyooshwa tena. Moteri ilikuwa nzima. Niliiacha uani mwaka mzima, nikiiwasha Jumamosi ili isigande, mpaka vita vya pili vilipoanza na esansi ya kutia kwenye magari ikawa adimu. Hapo nikakubali kuibadilisha kwa baiskeli mbili za kubebea mikate. Aliyeichukua alikuwa mwenye kinu cha mahindi huko Kiwanja, mtu aliyeamini kwamba moteri ni moteri.

Miaka ilipita kabla sijapata njia tulivu ya kwenda Kiwanja. Kinu kilikuwa nyuma ya soko, chini ya mabati, na mwenyewe alinikaribisha vizuri.

"Inanitumikia," akasema. "Ila ukiiachia kidogo tu, muzee, inataka kukimbia na nyumba yote. Nimeifunga kwa saruji."

Nilisogea karibu nikasikiliza. Supapu zote zilifunga. Unga ulikuwa unatoka laini, mweupe, na kina mama walikuwa wamepanga mstari na mabeseni yao hadi nje. Nilikaa pale muda kidogo. Mama mmoja akanigusa bega.

"Papa, na wewe unangojea kusaga?"

"Hapana, mama."

"Basi utupishe," akasema, na nikampisha.